iPod ya zamani inasinki nusu inaganda, nafasi imejaa lakini nyimbo ni 0. Tatizo nini wakuu?

#1 Kinanda Kimya
Wakuu, heshima kwenu.

Nina iPod (kicheza muziki cha Apple) kizazi cha 5, ile ya 2005 yenye gurudumu na inayoonyesha video. Nimeinunua kwa mtu, bado inang'aa. Nikiichomeka kwenye kompyuta yenye Windows inachaji, iTunes (programu ya Apple ya kupangia nyimbo) inaitambua kwa jina na kusinki, yaani kuhamishia nyimbo kwenye iPod, kunaanza vizuri tu. Ikikaribia wimbo wa 1,400 hivi inaganda. Mstari hauendi mbele wala haurudi nyuma, halafu unakuja ujumbe kwamba imeshindwa kusoma au kuandika kwenye diski.

Nikichomoa na kufungua menyu nakuta nyimbo 0. Ila nafasi imeliwa! Kule iTunes ule mstari wa ujazo unaonyesha GB kadhaa zimekwenda, zimewekwa kwenye fungu la "mengineyo". Nimeshairudisha katika hali ya kiwandani, ngoma ni ileile.

Wajuzi njooni kabla sijaigeuza kioo cha kunyolea, maana mgongo wake kwa kung'aa unafaa.

#2 Mzee wa Nyaya
Badilisha waya. Nyaya nyingi za siku hizi zina njia za umeme tu, za data hazimo. Uzi ufungwe.

#3 Bi Mtambo
Mzee wa Nyaya, soma swali kwanza. Waya usio na njia za data usingeleta hata jina la kifaa kwenye iTunes. USB ya aina hiyo ina nyuzi nne, mbili za umeme na mbili za data. Zikikosekana hizo mbili za data kifaa kinachaji tu na kompyuta haijui kama kipo. Yake inatambuliwa na inaandika nyimbo zaidi ya elfu.

#4 Mzee wa Nyaya
Dada, sijasema wake hauna data. Nasema hata wenye data huchoka. Ile plagi pana ya pini 30 ikilegea, inakuwa ukiugusa waya tu mawasiliano yanakatika. Nyimbo kumi zinapita, ukitaka mamia inakugomea.

#5 Bi Mtambo
"Za data hazimo." Tumesoma wote.

#6 Diski Ngumu
Hapo ni diski inakufa, hakuna mjadala. Ndani ya hiyo kitu kuna diski ya inchi 1.8 inayozunguka, nayo ina umri wake. Jinsi ya kuhakikisha: bonyeza Menu pamoja na kitufe cha katikati mpaka nembo itokee. Nembo ikitokea tu, achia, ubonyeze cha katikati pamoja na kile cha kurudisha nyuma. Utaingia kwenye menyu ya mafundi. Tafuta ukurasa wa SMART wa diski, yaani takwimu za afya yake. Angalia sekta (vipande vya diski) zilizohamishwa na zile zinazosubiri kuhamishwa. Zikiwa nyingi, anza kuzoea habari mbaya.

Pia weka sikio mgongoni inaposinki. Ukisikia tik… tik… tik… ndiyo basi tena.

#7 Mpita Njia
Naweka kiti hapa, huu uzi utakuwa mrefu.

#8 Kinanda Kimya
Shukrani Diski Ngumu. Nimeingia kwenye hiyo menyu, namba zake hazieleweki: saa za kufanya kazi 0, sekta 0, vyote 0. Na sauti ya tik tik hakuna. Kusema kweli hakuna sauti yoyote kabisa. Aliyeniuzia aliniambia ndani kuna kadi.

#9 Bi Mtambo
Kadi??? Mleta uzi, hiyo ndiyo ilipaswa kuwa sentensi yako ya kwanza!

#10 Mpita Njia
😂😂 Diski Ngumu pole sana. Mgonjwa uliyempima hakuwemo.

#11 Diski Ngumu
Cheka tu. Kadi nayo ni chombo cha kuhifadhia, ikichakaa inachakaa. Kasoro ni kwamba adapta za kadi, vile vibao vinavyoshika kadi mahali pa diski, hazitoi takwimu za SMART za maana, ndiyo maana ameona 0. Hoja yangu iko palepale, tatizo ni sehemu ya kuhifadhia.

#12 Kinanda Kimya
Nimeifungua. Nimepitisha kipande chembamba cha plastiki kwenye mshono taratibu. Nusura nivute ghafla, bahati nzuri niliona tepe mbili fupi zimeshikilia mgongo, moja ya betri na nyingine inakwenda kwenye tundu la hedifoni. Ndani kuna kibao kidogo cha kijani, juu yake memori kadi iliyoandikwa GB 256, na kibao chenyewe kimeungwa kwenye ubao mkuu kwa utepe mwembamba. Diski ya asili haipo.

#13 Mpima Kadi
Sasa tunaongea. Hiyo kadi ni feki.

Kadi feki inafanyiwa hila kwenye kidhibiti chake. Kompyuta ikiuliza "una ukubwa gani?" inajibu 256, kumbe memori ya ndani ni ndogo mno. Unaandika vizuri mpaka ujazo wa kweli uishe. Baada ya hapo kadi haikwambii imejaa. Nyingine zinatupa data hewani, nyingine zinarudi mwanzo na kuandika juu ya vilivyokuwepo. Na mwanzoni mwa kadi ndiko linakokaa jedwali la FAT, lile linaloonyesha faili gani iko wapi. Likiguswa hilo, kila kitu kinapotea.

Piga hesabu. Nyimbo 1,400 kwa wastani wa MB 5 ni GB 7. Una kadi ya GB 8 iliyobandikwa maandishi ya 256.

Itoe, iweke kwenye kisomea kadi, iendeshe H2testw ukiwa Windows au F3 ukiwa Linux au Mac. Programu hizo zinaijaza kadi yote kisha zinasoma tena kila kitu kulinganisha. Itachukua muda mrefu, iache.

#14 Mpita Njia
Hesabu imekubali hiyo. Mpima Kadi umetisha.

#15 Bi Mtambo
Hesabu nzuri, ila tusishangilie mapema. Kuna jambo hapa wengi hawalijui, na ndilo linaloeleza ile "nyimbo 0".

iPod hizi hazitafuti faili za muziki kwenye diski. Zinasoma faharasa moja inayoitwa iTunesDB. iTunes ikisinki, inamwaga kwanza faili za nyimbo kwenye folda iliyofichwa ya iPod_Control, ndani ya Music, kwenye vifolda F00, F01, F02 na kuendelea, na kila wimbo unapewa jina la herufi nne zisizo na maana. Faharasa kwa kawaida inakuja kukamilishwa mwishoni. Sasa kusinki kukikatika katikati, faili zipo na zimekula nafasi, lakini faharasa haizitaji. Kwa iPod hazipo, na iTunes inazihesabu kama mengineyo.

Kwa hiyo dalili aliyoleta inatuambia kwamba kusinki kunakatizwa. Kinachokatiza ni nini, dalili hiyo haisemi. Inaweza kuwa kadi, waya, betri, hata wimbo mmoja mbovu.

#16 Sauti ya Pembeni
Samahani kwa kuingilia. Ina maana nyimbo zangu zilizo kwenye iPod ya zamani naweza kuzitoa? Kompyuta niliyotumia ilishakufa, na hii mpya inaniambia iPod imesawazishwa na maktaba nyingine, ifute au nighairi?

#17 Bi Mtambo
Ghairi! Usibonyeze kufuta. Ruhusu iPod itumike kama diski, ruhusu Windows ionyeshe faili zilizofichwa, nakili folda ya Music yote uiweke kwenye kompyuta, kisha iburute ndani ya iTunes. Majina ya herufi nne yasikutishe. Jina la wimbo, msanii na albamu vimo kwenye tagi ndani ya faili yenyewe. Ukiiruhusu iTunes ipange folda zake, itazipa majina sahihi.

#18 Sauti ya Pembeni
Zimerudi zote!! Ubarikiwe.

#19 Mwana Pengwini
Mnajisumbua bure. Weka Rockbox, sahau iTunes. Ni programu huria iliyoanza 2001 kwa vicheza muziki vya Archos, baadaye ikaja kwenye iPod na vingine vingi. Inachezesha FLAC na Ogg, aina za faili za muziki ambazo programu ya asili ya iPod haizijui. Unaburuta folda zako kama kwenye flashi. Faharasa ya iTunes haihitaji kabisa.

#20 Diski Ngumu
Nilikuwa nasubiri mtu wa Rockbox atokee. Mwaka huu umechelewa.

#21 Bi Mtambo
Rockbox naitumia na naipenda, ila haiponyi kadi inayopoteza data wala waya unaokatika. Itakachobadilisha ni kwamba kuburuta kutakatika badala ya kusinki. Faida ni moja: zile zilizowahi kuingia utazisikiliza. Na ikumbukwe inataka diski iliyopangwa kwa mfumo wa faili wa FAT32. iPod iliyoandaliwa kwenye Mac kwa HFS+, mfumo wa Apple, haitaisoma.

#22 Msikilizaji wa Usiku
Hapo kwenye HFS+ mimi yalinikuta. iPod niliyoazimwa ilikuwa imeandaliwa kwenye Mac, nikichomeka Windows inasema diski lazima ifomatiwe kwanza. Mac inasoma FAT32 bila shida, Windows haisomi HFS+ yenyewe. Ukitaka itumike pande zote, iandae kwenye Windows.

#23 Mzee wa Nyaya
Na hao wa Mac wajue tangu Catalina, toleo la macOS la 2019, iTunes haipo tena kule. Kusinki kunafanyika ndani ya Finder, programu ya Mac ya kufungulia mafaili. Kuna jamaa alikuwa anaitafuta iTunes mpaka akadhani imeibwa.

#24 Kinanda Kimya
Nimerudi. H2testw imemaliza, kosa hakuna hata moja. Imesoma GB 238 zote.

#25 Mpita Njia
238? Si iliandikwa 256? Hizo 18 kala nani? Feki hiyo!

#26 Mpima Kadi
Hapana, hiyo ni halali. Mtengenezaji anahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja. Windows inahesabu 1,024 mara tatu, halafu inaandika GB vilevile. 256 za kwenye kibandiko zinakuwa 238 kwenye skrini. Kadi ni nzima, nasalimu amri kwa upande huo. Sasa naelekeza kidole kwenye utepe au hiyo adapta, maana kwenye kisomea kadi imefaulu na ndani ya iPod inafeli.

#27 Fundi Bisibisi
Nimefungua nyingi za aina hii. Huo utepe unaingia kwenye soketi yenye kifunga kidogo kama kope. Ukiingia umepinda unywele mmoja, pini zinagusa nusunusu. Itawaka, itatambuliwa, itaandika, halafu ikipata moto kidogo inapoteza mwelekeo. Fungua kope, toa utepe, futa ncha zake kwa pamba yenye spiriti, ikauke, rudisha ukiwa umenyooka, funga.

Na betri vipi? Usipite bila kuiangalia. Kama imevimba iondoe kwa utaratibu na usiitoboe kabisa, betri za lithiamu zinashika moto.

#28 Kinanda Kimya
Betri haijavimba. Ila nikichomoa waya inakaa dakika chache tu inazima.

#29 Mzee wa Nyaya
HAYA SASA. Umeme! Nilisema tangu mwanzo.

#30 Mpita Njia
Ulisema waya mzee.

#31 Mzee wa Nyaya
Waya unapitisha nini, maji? USB 2.0 inatoa mA 500. Kama umechomeka kwenye habu (kigawanyio cha matundu ya USB) isiyo na umeme wake, iPod inagawana na kipanya, kibodi na kifeni. Betri nzima ingefidia upungufu, yake haiwezi. Volti zikishuka kidogo iPod inajiwasha upya katikati ya kusinki. Achomeke moja kwa moja nyuma ya kompyuta.

#32 Fundi Bisibisi
Kwa hili nakuunga mkono, japo kadi inakula umeme mdogo kuliko diski inayozunguka.

#33 Mchambua Faili
Nyote mmeruka jambo moja. Amesema inaganda karibu na wimbo wa 1,400 kila mara. Umeme mbovu haukai na kalenda. Kitu kinachogoma mahali palepale ni faili. Kuna wimbo mmoja mbovu humo. Ugawe mkusanyo nusu mbili, sinki nusu ya kwanza. Ikipita, mbovu yuko kwenye ya pili, nayo igawe tena, hivyo hivyo mpaka umkamate.

Mimi niliwahi kumkamata hivyo: wimbo mmoja ambao faili yake ilikatika wakati wa kunakiliwa. Kompyuta ilikuwa inaucheza hadi palipokatika bila kulalamika, kusinki ndiko kulikuwa hakutaki.

#34 Bi Mtambo
Hoja nzito. Ila Kinanda Kimya tuambie: ni wimbo uleule au ni idadi ileile? Hivyo ni vitu viwili. Uleule, tafuta faili. Idadi ileile na nyimbo tofauti, basi ni joto, muda au ujazo.

#35 Kinanda Kimya
Nimegeuza mpangilio, nikaanza na wasanii wa mwisho wa alfabeti. Ilipita 1,400 vizuri, ikaganda kwenye 1,900 na ushee.

#36 Mchambua Faili
Imehama! Kwa hiyo ni faili, imekutana naye mbele.

#37 Mzee wa Nyaya
Imehama! Kwa hiyo ni umeme, unakatika unapotaka.

#38 Mpima Kadi
Imehama, kwa hiyo ni utepe.

#39 Mpita Njia
Mahakama hii kila wakili ameshinda 😂

#40 Mgeni Mpole
Nami nina swali. Kicheza changu si iPod, ni kidogo cha kubana kwenye nguo. Kwenye mipangilio ya USB kina MTP na MSC. Nikiweka nyimbo kwenye moja, nikibadilisha kwenda nyingine kompyuta haizioni, ila kicheza chenyewe kinazicheza. Ni uchawi?

#41 Mwana Pengwini
Si uchawi. MSC inamkabidhi kompyuta diski nzima aiendeshe mwenyewe, kama flashi. Ndiyo maana ukichomoa bila kuaga unaweza kuharibu jedwali la faili. MTP ni tofauti: kicheza kinabaki na diski yake, kompyuta inaomba tu "nipe wimbo huu, pokea ule". Kicheza chako kinaweka vya kila upande kwenye folda zake na kompyuta inaona za upande uliopo. Chagua MSC ubaki hapo hapo.

#42 Bi Mtambo
Na kama Windows yako ni toleo la N, MTP itakusumbua mpaka uongeze kifurushi cha midia. Matoleo ya N hayaji nacho.

#43 Diski Ngumu
Turudi kwa iPod. Kinanda Kimya, angalia kama Apple Mobile Device Service, huduma ya Apple inayoendeshwa kichinichini kwenye Windows, inafanya kazi. Ikisimama iwashe upya.

#44 Bi Mtambo
Hiyo ni ya iPhone, iPad na iPod touch. Ya gurudumu inategemea iPod Service, ambayo ni nyingine.

#45 Diski Ngumu
Sawa mwalimu.

#46 Msikilizaji wa Usiku
Kuna mawili hayajatajwa. Kwanza antivirusi: nyingine zinashikilia kila faili inayoandikwa kwenye diski ya nje, kusinki kunangoja mpaka kunakata tamaa. Pili, ile alama ya tiki ya iTunes ya kubadilisha nyimbo kuwa AAC ya kbps 128, yaani faili ndogo zaidi. Ikiwashwa, kompyuta inapika kila wimbo wa ubora wa juu kabla ya kuutuma, na kwa mtu anayetazama tu utadhani imeganda.

#47 Mwana Pengwini
kbps 128? Mwenye masikio asifanye hivyo.

#48 Msikilizaji wa Usiku
Mkuu, kwenye daladala yenye spika nne hata popo hasikii tofauti.

#49 Mchambua Faili
Wanaolipia Apple Music kwa mwezi pia wajue nyimbo hizo haziingii kwenye iPod ya gurudumu. Zilizonunuliwa au kunakiliwa kutoka CD ndizo zinaingia. Kuna watu wanalaumu kusinki kumbe nyimbo zenyewe haziruhusiwi.

#50 Kinanda Kimya
Taarifa wakuu. Nimesafisha utepe kama alivyosema Fundi Bisibisi, nimezima ile tiki ya AAC, nimechomeka kwenye kompyuta nyingine moja kwa moja bila habu, waya ni uleule. Nyimbo 3,000 zimeingia, na menyu inazionyesha zote.

#51 Fundi Bisibisi
Utepe huo. Asante kwa mrejesho.

#52 Mzee wa Nyaya
Hakuna cha utepe. Bila habu!

#53 Mchambua Faili
Kompyuta nyingine ina mkusanyo uleule wa nyimbo?

#54 Kinanda Kimya
Hapana, ina mkusanyo mwingine.

#55 Mchambua Faili
Basi wimbo mbovu bado yuko kule kwenye ile ya kwanza anawasubiri.

#56 Bi Mtambo
Umebadilisha vitu vinne kwa mpigo, hatutajua kamwe kilichokuwa kinakatiza. Kama una moyo, rudi kwenye kompyuta ya kwanza, nyuma, bila habu, bila kugusa kingine.

#57 Kinanda Kimya
Sina moyo huo dada. Ila kava za albamu zinatokea kwenye nyimbo nusu, nyingine zina picha ya noti tupu.

#58 Mpita Njia
Fungua uzi mwingine mkuu, nahamisha kiti.